Maswali Yenu: Kibodi ya raba yenye raha ya vidole utaijuaje?

Mara hii barua nyingi zimeangukia jambo moja, kibodi. Na siyo zile zenye mataa ya rangi, ni zile za kawaida kabisa za raba ambazo watu wanazitumia kutwa nzima kazini na nyumbani. Nimefurahi sana maana ni kitu nakipenda na naona kinadharauliwa bure, kwa hiyo ile ya kwanza nitaijibu kwa urefu, zilizobaki nitaenda nazo kadiri zinavyohitaji.

Shikamoo fundi. Mimi ni mtafsiri, siku nzima ni kutaipu tu. Ofisi niliyokuwa zamani nilipewa kibodi ya raba ya kizamani hivi, nzito, na nilikuwa naipenda kweli, ukibonyeza unasikia batani imeshuka na imerudi. Tangu nihame pale nimenunua mbili mpya na zote ni kama nabonyeza sponji, jioni vidole vimechoka. Wenzangu wananiambia raba zote ni takataka ninunue mekanikali, zile ambazo kila batani ina swichi yake yenye springi, lakini nafanyia kazi chumba anacholala mtoto mchanga, kelele sitaki. Hivi kibodi nzuri ya raba ipo kweli au nilikuwa najidanganya?
*Mtafsiri wa nyumbani*

Marahaba. Hujajidanganya hata kidogo. Ipo, na aliyewahi kuitumia haisahau, shida ni kwamba ukiziangalia kwa nje zote zinafanana na zile mbaya ndo nyingi.

Ebu tuanzie ndani. Ukifungua kibodi ya aina hii utakuta karatasi mbili nyembamba za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na katikati yake karatasi ya tatu yenye matundu ambayo kazi yake ni kuzitenganisha zisigusane. Hayo matabaka matatu kwa pamoja ndo membreni. Juu yake vimekaa vikofia vya raba, kila batani na kikofia chake, mara nyingi vyote vimeumbwa kwenye shuka moja la raba au silikoni. Ukibonyeza batani kikofia kinagoma kidogo, halafu ghafla kuta zake zinakunjika kinaporomoka, na kile kinundu kilichoko ndani kwenye dari yake kinaenda kuminya membreni, karatasi ya juu inaigusa ya chini kupitia tundu na herufi inatoka. Ukiachia, ni raba hiyohiyo inayoisukuma batani irudi juu, hamna springi pale.

Sasa raha yote iko kwenye ule mporomoko. Watengenezaji wa hivi vikofia wana kipimo chake: wanachukua nguvu ya kilele, yaani pale kikofia kinapokaribia kukubali, wanatoa nguvu inayohitajika kinapogusa chini, jibu wanaligawa kwa ile ya kilele. Kwa kawaida wanalenga asilimia 40 mpaka 60. Tuseme kilele ni gramu 60 na chini ni gramu 30, hiyo ni asilimia 50, na hapo kidole kinasikia wazi kabisa kwamba kuna kitu kimekubali. Tofauti ikiwa ndogo unasukuma tu, unasukuma, hujui umefika au hujafika, ndo huo usponji unaousema. Ukiipandisha sana nayo mguso unakuwa mkali ila raba inachoka mapema, kwa hiyo kiwanda lazima kichague, na kiwanda kinachobana matumizi hakihangaiki sana na jambo hilo, kinachukua shuka lolote lililopo.

Kumbuka pia kwamba kwenye raba ya kawaida herufi inatoka karibu na mwisho kabisa wa safari ya batani, ambayo kwa kibodi za kimo kamili ni kama milimita 3.5 hadi 4. Ina maana lazima ufike chini kila mara, huwezi kuigusa juu juu. Kikofia kikiwa na mporomoko mzuri kinakuambia sasa achia, mkono unapumzika, kikiwa kibovu unaongeza nguvu kila herufi ili uwe na uhakika, fanya hivyo kutwa nzima halafu jioni ndo unapata hivyo vidole vyako.

Jambo la pili, na kwangu mimi ndo kubwa kuliko yote, ni njia ambayo batani inapita ikishuka. Watu wanalaumu raba kumbe nusu ya ubaya ni plastiki kusuguana na plastiki. Kwenye kibodi nyingi za bei ya chini mguu, yaani kile kijiti cha chini ya batani, umeumbwa pamoja na batani yenyewe, unaingia kwenye tundu fupi la bodi na una nafasi ya kuyumba. Ukibonyeza katikati inashuka vizuri, ukibonyeza pembeni inainama, mguu unakwaruza ukuta wa tundu na unasikia mchanga mchanga fulani hivi. Kwenye zile nzuri za zamani kuna kipande cha pekee kinachoteleza ndani ya bomba refu na batani imechomekwa tu juu yake. Ng'oa batani moja taratibu uangalie: kama mguu umetoka na batani na unaona kikofia cha raba moja kwa moja, ni ile aina ya kwanza, kama kuna kipande kimebaki ndani na unaweza kukibonyeza kwa kidole kikashuka na kurudi bila batani, umepata ile aina ya pili. Siyo kwamba aina ya kwanza haiwezi kuwa nzuri, inaweza, ikiwa tundu ni refu na limekatwa kwa umakini, lakini ile ya pili inakupa nafasi kubwa zaidi ya kupata unachokitaka.

La tatu ni uzito na ugumu wa bodi. Kibodi nyepesi inapinda katikati ukibonyeza, kwa hiyo pale kidole kinapotakiwa kufika kwenye kitu kigumu kinakuta kitu kinachobonyea, na mwisho wa safari unapotea. Ndo maana ile yako ya ofisini ilikuwa nzito, na ule uzito ulikuwa sehemu ya raha yake.

Na wale wanaokuambia membreni yenyewe ndo mbaya wakumbushe IBM Model M, ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985 na mpaka leo watu wanaisifia kuliko zote. Ndani ina springi zinazopinda na kulia, lakini chini ya hizo springi kuna nini? Membreni. Membreni kazi yake ni kupeleka herufi, raha inaamuliwa na kilichoko juu yake. Tena jina Model M liliwekwa hata kwenye kibodi kadhaa zenye raba, kwa hiyo usinunue jina.

Ukienda kununua sasa, usibonyeze herufi mbili tatu katikati ukaridhika, kila kibodi inafanya vizuri pale. Iweke juu ya meza ngumu, siyo mapajani. Anza na shifti ya kushoto kwa kidole kidogo, na uibonyeze kwenye kona ya nje, si katikati, maana ukitaipu haraka ndipo kidole kinapofikia. Bonyeza polepole sana. Ikishuka sawasawa yote kwa pamoja hiyo ni dalili nzuri, ikiinama kwanza upande mmoja halafu ikajivuta na upande wa pili, au ikakwama nusu sekunde ndipo ikaporomoka, irudishe. Fanya hivyohivyo kwa enta, bekispesi, na spesi kwenye ncha zote mbili. Kisha minya bodi katikati kwa kiganja uone inabonyea kiasi gani. Mwisho taipu aya nzima kutoka kichwani kwako, kwa mwendo wako wa kazini, maana kuna kibodi zinazovutia kwa sentensi moja na kuchosha kwa aya tatu.

Majina ya kuanzia kutafuta: Dell QuietKey za zamani na Dell SK-8115, kibodi za Key Tronic, na Cherry za mfululizo wa G83. Hao Key Tronic, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969, walifika mbali kiasi cha kutoa kibodi ambazo vikofia vyake havilingani uzito, batani za kidole kidogo laini na za vidole vyenye nguvu ngumu zaidi, kati ya gramu 35 na 80. Wengine wanaipenda kufa, wengine wanaona kama batani zinatofautiana tu bila sababu, mimi niko na wale wa kwanza. Kwa Cherry angalia herufi na namba vizuri, G80 ni mekanikali na G83 ni raba, ukiambiwa tu "Cherry" hujaambiwa kitu. Na hata QuietKey zilitoka kwa watengenezaji tofauti, mbili zenye maandishi yaleyale juu zinaweza zisifanane ndani, kwa hiyo vipimo vya vidole hapo juu vinashinda orodha yoyote.

Kama unaweza kuongea na ile ofisi yako ya zamani, waulize ile kibodi iko wapi. Maofisi mengi yanabadilisha kompyuta na kuzirundika stoo, na nasema hili kwa moyo wote, kibodi ambayo vidole vyako tayari vinaijua ina thamani kuliko utakayoanza kuizoea.

Habari za kazi mhariri. Mimi ni karani, nimepewa kibodi ya zamani sana bure na mguso wake ni mzuri ajabu lakini plagi yake ni ya duara na kompyuta yangu ina USB tu. Nikanunua kile kiadapta kidogo cha bei ya chini, haiwaki. Je imekufa?
*Karani*

Nzuri ndugu yangu. Usiitupe, uwezekano mkubwa ni nzima kabisa.

Plagi ndogo ya duara, mara nyingi ya zambarau kwa kibodi na kijani kwa mausi, ni PS/2. Vile viadapta vidogo havina akili yoyote ndani, vinaunganisha tu nyaya, na vinafanya kazi kwa kibodi ambazo zilitengenezwa zikijua lugha zote mbili, ya PS/2 na ya USB. Kibodi ya zamani ya kweli inajua moja tu. Unachohitaji ni kigeuzi chenye chipu ndani, kinachotafsiri, na kwa kawaida kinakuja na kiwaya kifupi chenye matundu mawili, la kibodi na la mausi. Omba muuzaji akujaribishie hapohapo dukani. Kama plagi yako ni ya duara ile kubwa yenye pini tano na kibodi ni ya kizazi cha AT, yaani kompyuta za IBM zilizotangulia PS/2, weka kwanza adapta ya kuipunguza iwe PS/2, hapo nyaya tu zinatosha maana lugha ni ileile, halafu kigeuzi. Zile za kizazi cha kwanza kabisa cha PC zina plagi hiyohiyo lakini lugha tofauti, hizo zinataka kigeuzi chake maalumu.

Kuhusu kununua iliyotumika kwa ujumla: mimi naunga mkono. Angalia tu kama raba bado ina uhai. Bonyeza batani ambayo watu hawaitumii, mfano Scroll Lock, halafu bonyeza A na E. Ile ya kwanza ndo inakuonyesha kibodi ilivyokuwa mpya. Kama A na E zimekuwa laini mno au zinarudi kwa uvivu ukilinganisha nayo, vikofia vimechoka. Kung'aa kwa batani kusikutishe, plastiki ya ABS inang'aa kwa kuguswa na vidole na haina uhusiano na mguso wa chini.

Fundi, nimeona kibodi za Kijapani zinaitwa Topre, bei yake ni ya kushangaza, halafu nikasoma kwamba ndani ni raba! Mbona wanauza raba kwa bei hiyo?
*Msomaji mshangaaji*

Ni raba kweli, na sioni aibu yoyote kwenye hilo. Tofauti ni kwamba chini ya kikofia kuna springi nyembamba yenye umbo la koni, na hakuna membreni ya kugusana. Springi ikibanwa, uwezo wa umeme kuhifadhika pale unabadilika na sakiti inayasoma hayo mabadiliko, kwa hiyo herufi inatoka kabla hujafika chini kabisa na hakuna sehemu mbili za kugusana zikachakaa. Nguvu unayoisikia kidoleni inatoka kwa raba karibu yote, springi ni kwa ajili ya kusoma. Juu yake kuna kile kipande cha kuteleza nilichokieleza kwa mtafsiri, kimetengenezwa kwa umakini mkubwa. Zinakuja kwa uzito tofauti, mfano gramu 30, 45 na 55. Kibodi za Topre ziitwazo Realforce zilianza mwaka 2001, na Happy Hacking Keyboard Professional ya kampuni ya PFU ikafuata mwaka 2003 ikitumia mfumo huohuo.

Unapata raba iliyofanywa na watu walioamua raba ifanywe vizuri. Kama unataipu kwa riziki yako na unaweza kujiwekea akiba, sitakuzuia. Ila angalizo moja: Happy Hacking Lite 2 inafanana jina na umbo lakini ndani ni raba na membreni ya kawaida, usilipie bei ya ile nyingine.

Mambo! Nacheza gemu kwa kibodi ya raba, nikishika batani tatu kwa pamoja wakati mwingine ya tatu haisikiki kabisa. Raba imeisha?
*Mcheza gemu*

Poa. Hapana, raba haihusiki. Batani zimepangwa kwenye gridi ya mistari ya kulala na ya kusimama, na ukishika tatu zinazofanya kona tatu za mstatili kompyuta inaweza kudhani ya nne nayo imeshikwa, kwa hiyo chipu ya kibodi inaamua kuizuia ya tatu. Kibodi nyingi za raba zinakuhakikishia mbili tu kwa pamoja, zaidi ya hapo inategemea ni zipi. Shika shifti zote mbili halafu taipu alfabeti nzima uone herufi zipi zinakosekana, utashangaa. Kwa gemu badilisha mpangilio wa batani zako ndani ya gemu kwanza, kama haisaidii hapo ndo utafute kibodi nyingine ambayo mtengenezaji ametaja wazi inapokea batani ngapi kwa pamoja.

Dada mhariri, laptopu yangu nayo ni raba?
*Mwanafunzi*

Zaidi ni ndiyo mdogo wangu. Chini ya kila batani kuna mkasi mdogo wa plastiki unaoishikilia isiiname, na katikati ya mkasi kuna kikofia kidogo cha raba. Ndo maana laptopu nyingi hata ukibonyeza kona batani inashuka sawasawa. Safari yake ni fupi tu, mara nyingi milimita 2 au chini.

Shikamoo. Kibodi yangu ilikuwa tamu sana, sasa spesi inakwaruza na enta inakwama ikiwa chini. Sitaki kuiacha. Nifanyeje?
*Asiyetaka kuachana nayo*

Marahaba, na nimependa hilo jina. Piga picha mpangilio wa batani kwanza. Chomoa waya kwenye kompyuta, ng'oa batani ndogo kwa kuziinua moja kwa moja juu, kwa spesi, enta na shifti nenda taratibu sana kwa sababu chini yake kuna kiwaya cha chuma kinachozisawazisha na vishikizo vyake vinavunjika kirahisi. Batani zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ziache zikauke kabisa, tuseme usiku kucha. Bodi yenyewe usiitie maji, yakiingia katikati ya karatasi za membreni hayatoki na yanakula zile njia za umeme.

Ukitaka kuifungua skrubu nyingine zinakuwa chini ya lebo au chini ya vile vimiguu vya mpira, ukisikia bodi inagoma usiilazimishe, kuna skrubu hujaiona. Shuka la raba liinue bila kulivuta, na kama vikofia ni vya mojamoja fungua kibodi ikiwa imelala kifudifudi visije vikamwagika.

Sasa dawa yenyewe. Futa kiwaya cha spesi na cha enta kwa kitambaa, toa ile grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi na nywele, halafu paka grisi mpya ya silikoni, kidogo sana, pale tu kiwaya kinapoingia kwenye vishikizo vyake na kwenye kuta za tundu mguu unapopita. Isifike kwenye kikofia cha raba, inaweza kukivimbisha na kukilegeza. Mafuta ya kupikia au ya mashine usiyaguse kabisa, yanakamata vumbi na mwezi ujao utakuwa palepale. Kama enta bado inakwama baada ya hapo, linganisha kikofia chake na cha batani usiyoitumia kwa kuviminya kwa kidole, na kama cha enta kimechoka na vikofia vyako ni vya mojamoja, vibadilishane nafasi.